Pumzi Moja Kabla ya Maji

Saru aliweka ndoo chini ya bomba, akarudi nyuma, akakunja mikono kifuani.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu maji yaje, Saru," alisema Mghoi. Alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha ukumbi wa kanisa, kishikwambi mapajani, na jua la saa nne lilikuwa limeshaanza kumchoma shingo.

"Yataingilia wapi? Ndoo ina mfuniko. Umeandika niweke ndoo chini ya bomba, nimeweka. Hukuandika niifunue."

Juu ya mnara uliosimama kando ya ukumbi, fundi Kilambo alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka, ikaanguka kwenye majani. "Mwalimu, leo umepatikana!"

"Na wewe huko juu kaza waya, acha kimbelembele," Mghoi alimjibu. Lakini aliandika: *Funua ndoo.*

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi, na wala usidhani ulikuwa mzaha. Lilikuwa kundi la watu wa kujitolea, wasiolipwa hata soda, waliojitwika kazi ya kuandika mwongozo wa Umande, programu ya minara ya maji. Sheria yao kubwa ilikuwa kwamba hakuna sentensi inayoingia kitabuni kabla haijasomwa mbele ya Mgeni. Mgeni ni mtu ambaye hajawahi kuigusa programu. Anasomewa, anafanya kilichosemwa na si zaidi, na akikwama anaruhusiwa neno moja tu: Halafu? Atalirudia hilo mpaka mwandishi atoe jibu la maana au akiri kwamba hajui. Saru alikuwa msusi wa Mwatate, mwenye saluni yake nyuma ya soko, na Ugeni huo ulimkaa kama nguo aliyoshonewa. Ulimi wake haukuwa na breki, na hakuona haya hata chembe kusimama kama gogo mbele ya ndoo iliyofunikwa.

Umande ilikuwa programu huria. Msimbo wake haukuwa mali ya mtu; yeyote aliyetaka aliuchukua, akautengeneza, akaurudisha kwa wenzake. Ndiyo iliyoendesha minara ya ukungu, ile milingoti yenye nyavu za waya iliyopandwa kwenye matuta ya milima tangu mvua zilipoacha kufuata kalenda. Waya zinatiwa chaji kidogo, ukungu unavutika, matone yanakusanyika, maji yanashuka. Saru alipoelezwa mara ya kwanza alichukua kitana, akakisugua kwenye nguo, akakipitisha juu ya kichwa cha mteja mpaka nywele zikasimama zenyewe. "Basi si ni hivi tu?" alisema, na hakuna mtaalamu aliyewahi kueleza vizuri zaidi.

Ila ukungu wa mlima hauwezi kugombaniwa na kila mnara kwa pupa. Kwa hiyo minara ilisemezana na kugawana, kila mmoja ukiwa na nakala yake ya Umande. Mafundi wa nchi nyingi waliiandika kwa miaka, kisha wakairuhusu ijirekebishe, nayo ikajirekebisha mpaka hakukuwa tena na binadamu aliyeweza kusoma msimbo wote akauelewa. Mwongozo haukuwahi kuandikwa, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake ataandika. Watu wa Taita, waliochoka kupigiana simu kuulizana kitufe kipi kinafanya nini, ndio walioanza.

Saru alifunua ndoo. Bomba lilikaa kimya kwa muda wa kuvuta pumzi na kuishusha, kisha maji yakaja.

"Nilidhani limekufa," alisema Saru. "Hukuniambia kuna kusubiri."

Mghoi aliongeza: *Subiri pumzi moja. Maji yatakuja.* Saru akajaribu tena, ikawa kama ilivyoandikwa, na sentensi ikapita. Jumamosi waliuweka mwongozo kwenye ghala la Umande, pamoja na msimbo wenyewe, ili kila mnara uwe nao. Mwanzoni mwa kitabu waliandika dibaji fupi kueleza kazi ilivyofanyika, habari za Mgeni na neno lake moja. Kilambo alinunua mandazi ya kupongezana.

*

Jumatatu Kilambo aliingia maabara ya shule bila kubisha, katikati ya kipindi cha kemia. Mghoi alikuwa ameshika chupa ya asidi na darasa zima lilikuwa kimya.

"Mwalimu, weka hicho kitu chini. Njoo nje."

"Kilambo, nina watoto hapa."

"Waambie wasome. Njoo."

Kule nje alimpa simu. Zilikuwa salamu kutoka milima ambayo Mghoi aliijua kwa ramani tu: Peru, Nepal, Oman, visiwa vya Cape Verde. Simu ilikuwa imezitafsiri zote, nazo zote zilisema jambo moja. Minara yetu imeanza kusita kabla ya kutoa maji. Je, kwenu pia? Bwana mmoja wa Nepal alikuwa amesimama bombani na binti yake wakapima, akaandika kwamba ni muda wa pumzi moja, kama mwongozo unavyosema.

"Sasa ajabu iko wapi?" aliuliza Mghoi. "Si ndivyo Umande inavyofanya?"

Kilambo alijikuna kidevu, akatazama viatu vyake. "Haifanyi hivyo. Haijawahi. Lile bomba la ukumbini lilikuwa linavuja, mimi nikalitia kipande cha tyubu ya baiskeli ndani. Kinachosita pale ni kiraka changu."

"Unasema?"

"Mpira wa baiskeli, Mwalimu. Ya shemeji yangu."

Mghoi alimkodolea macho. Walikuwa wamejitapa kwamba wanaandika walichokiona kwa macho yao na si kitu kingine, na walichokiona kilikuwa kiraka cha Kilambo. "Tumekiandika kiraka chako kwenye kitabu cha dunia nzima," alisema.

"Na dunia nzima imekifuata."

Walikimbia, ndiyo, watu wazima na akili zao, mpaka kwenye mnara wa shule ulioko nyuma ya jiko. Bomba lile halikuwa na kiraka chochote. Kilambo aliapa kwa marehemu mama yake. Mghoi alilitegea kikombe. Kimya. Akavuta pumzi, akaishusha, na maji yakatiririka.

Aliwaza matuta yote ambayo hatayakanyaga maishani, na watu wote waliosimama saa ile na mitungi yao, na majerikeni, na masufuria, wakingoja pumzi aliyoiandika yeye kibarazani huku jua likimchoma shingo. Hakuna aliyeiamuru programu. Ilikuwa imeishi miaka yote hiyo bila mtu wa kuiambia yenyewe ni nini, halafu siku moja ikakuta kitabu kinachoieleza, ikakisoma, ikaona basi ndivyo nilivyo.

"Inatusoma," alisema, na sauti ilimtoka ndogo.

"Na inatuamini," alisema Kilambo. "Mungu wangu, sisi! Watu wa mandazi!"

*

Kulikuwa na jambo ambalo Mghoi hakulisema siku ile, ingawa lilimfika kichwani kabla kikombe hakijajaa.

Mama yake, Wawuda, aliishi Chawuri, kijiji cha nyumba chache juu kabisa mgongoni mwa mlima. Ukungu hupanda kutoka tambarare, na kabla haujafika Chawuri hukutana na minara ya Mwatate iliyojipanga mteremkoni. Umande hugawa kwa kuhesabu watu: penye wengi, mnara huvuta kwa nguvu. Mwatate ilikuwa imekua, na kila nyumba mpya kule chini ilikuwa tone lililopungua kule juu, mpaka mnara wa Chawuri ukabaki kulowanisha nyavu tu. Ofisi ya maji ilikuwa imekata shauri. Ijumaa watakuja na lori; wakikuta tangi tupu, kijiji kinafungwa na watu wanashushwa.

"Wamepita na rangi, mwanangu," mama alimwambia kwenye simu Jumanne. "Wamepaka alama kwenye mlango wangu kama wa duka linalovunjwa."

"Mama, usipakie kitu bado."

"Nipakie nini? Baba yako amelala nyuma ya jiko. Na yeye atapandishwa lori?"

Mghoi alikata simu, akafungua mwongozo, akaandika: *Mnara wenye watu wachache huvuta kwanza.* Ilikuwa sentensi fupi, safi. Akaenda nayo ukumbini, ambako Saru alikuwa anawasubiri kwa ajili ya sura mpya, ile ya mabomba ya bustani.

"Nisomee," alisema Saru.

Mghoi akasoma.

"Halafu?"

"Halafu ukungu unapanda hadi juu."

"Halafu?"

"Halafu vijiji vidogo vinapata maji."

"Halafu?"

Saru aliketi kwenye benchi, akavua viatu, akavipanga vizuri kando.

"Leo nitavunja sheria niseme zaidi ya neno moja," alisema. "Hiyo sentensi si kweli, dadangu. Hakuna mnara unaofanya hivyo."

"Nikiiandika utafanya."

"Hapo ndipo penye shida! Kule chini ni kwangu. Bomba la saluni ni la Mwatate, na la zahanati ni la Mwatate, na wale akina mama wanaojifungua pale hawajui kama kuna kitabu kinaandikwa. Unataka mimi niseme sentensi imepita, kwa niaba yao?"

"Mama yangu anapandishwa lori Ijumaa, Saru."

"Najua. Na usidhani mimi ni malaika. Angekuwa mama yangu, ningekuwa nimeshaiandika kabla hujafika hapa." Alivaa viatu vyake tena. Macho yalikuwa yamemwiva. "Ila usiniite Mgeni ili nikushikie mlango. Ukitaka kuandika, andika peke yako."

Akaondoka bila kuaga.

*

Siku ya pili, baada ya masomo, Mghoi alibaki peke yake maabara. Aliiweka sentensi mahali pake katika rasimu iliyo wazi ghalani, kwenye sura ya kugawana ukungu. Ilibaki kubonyeza tu. Alijiambia kwamba mama ni mama. Kwamba Mwatate wana mito ya zamani na matangi na malori. Kwamba wengi wameshakunywa vya kutosha. Yote yalikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana yalimsumbua. Kidole kilikuwa kimeshashuka nusu ya njia.

Pembeni mwa ukurasa, mahali ambapo watu wa kujitolea huachiana maoni, neno moja lilitokea.

*Halafu?*

Alidhani ni Saru. Akatazama jina la aliyeandika. Jina lilikuwa Umande.

Mghoi aliinuka mpaka stuli ikaanguka. Akaenda dirishani, akarudi, akasoma tena. Programu ile haikuwahi kumwandikia mtu, si Taita wala kwingineko. Kisha akakumbuka dibaji. Waliandika wenyewe, kwa mikono yao, kwamba kila sentensi humu imesomwa mbele ya Mgeni, na Mgeni ameuliza. Nayo imesoma hapo pia. Imeona sentensi hii haina Mgeni, basi imekuja yenyewe kukaa kwenye nafasi ya Mgeni.

Mghoi aliandika kwa kidole kimoja: *Halafu ukungu utapanda Chawuri.*

*Halafu?*

*Halafu mama yangu atabaki nyumbani kwake.*

*Halafu?*

Angeweza kudanganya. Ingemwamini, ndilo lililomtoa machozi, kwamba ingemwamini neno kwa neno, kutoka hapa mpaka Nepal. Akaandika: *Halafu Mwatate wataamka mabomba yao ni makavu, na hawatajua ni mimi.*

Kisha, kwa utaratibu uleule, bila hasira wala huruma: *Halafu?*

Mghoi aliifuta sentensi yake. Akalia kidogo, akapenga kamasi kwa kitambaa cha maabara, akafungua sura ya mwisho kabisa ya mwongozo, ile ya makosa yanayojulikana. Pale hapakuhitaji uongo. Pale kazi ni kusema kilichopo. Aliandika: *Umande hugawa ukungu kwa kuhesabu watu. Penye watu wachache, mnara huachwa mpaka ukauke, na watu huondoka. Chawuri imeachwa. Hili ni kosa.*

Hakuituma. Alibeba kishikwambi chake, akashuka Mwatate.

*

Saluni ilikuwa imejaa. Saru alikuwa na uzi mdomoni na kichwa cha mtu kati ya magoti, na alipomwona Mghoi alisogeza kiti kwa mguu.

"Sikuja kukaa," alisema Mghoi. "Nimekuja kusoma. Na nataka na hawa wasikie."

Akasoma, polepole, mashine ya kukausha nywele ikiwa imezimwa kwa heshima yake. Alipomaliza, mwanamke mmoja mwenye nywele nusu zimesukwa aliuliza, "Sasa hiyo ikienda, maji yetu yatapungua?"

"Huenda," alisema Mghoi. "Siwezi kukuahidi."

"Chawuri ndiko kwenu?"

"Ndiko kwetu. Mama yangu yuko huko."

Mwingine aliguna, akasema yeye dada yake aliolewa huko, na viazi vyao havina mfano. Mwingine akasema yeye hataki kupungukiwa na maji, asidanganywe mtu, ila kuandika kwamba kosa ni kosa, hilo nani atalikataa?

Saru alitoa uzi mdomoni. "Halafu?" aliuliza, na safari hii aliuliza kama Mgeni.

"Sijui," alisema Mghoi. "Nimekaa nalo tangu jana na sijui. Dawa yake siijui. Najua kosa tu."

Uso wa Saru ukalegea. "Hiyo inapita," alisema. "Itume, kabla sijaanza kuwaza bili yangu."

Mghoi akabonyeza pale pale, mbele ya vioo na vichwa vyote vile. Pembeni mwa ukurasa hakukutokea neno lolote.

*

Ijumaa asubuhi mama alipiga simu, na kwanza Mghoi hakusikia maneno. Alisikia mlio. Ilikuwa ni tangi, bati tupu likipigwa na maji.

"Mghoi! Unasikia? Nani amefungua?"

"Mama, lori limekuja?"

"Lori liko hapa, na dereva ameshuka ananawa uso! Mwanangu, ukungu ulivyopanda, sijawahi kuona! Umekuja kwa vipande. Unakuja, unakoma, unakuja tena, ungesema kuna mtu kule chini anaupitisha kwa mkono!"

Mghoi alifungua kumbukumbu za minara, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzisoma. Umande haikuwa imegusa hesabu ya fungu la Mwatate. Ilikuwa imechukua ile pumzi moja, ile ya kiraka cha Kilambo, muda ambao kila bomba husita kabla ya kutoa maji na ambao haukuwa na kazi duniani. Imeurefusha kidogo tu. Ndani ya pumzi hiyo mnara ulizima chaji yake na kuuachilia ukungu, upite, uende kwa aliyeachwa. Kila ndoo iliyotegwa Mwatate ilipeleka pumzi moja Chawuri. Na si Chawuri tu. Salamu zilikuwa zimeshaanza kuingia, za Peru, za Oman, za vijiji ambavyo majina yao hakuweza kuyatamka, na nyingine zilikuwa na picha za matangi.

Aliketi chini, sakafuni, pale pale penye vumbi la chaki. Kosa moja wao waliliandika bila kujua, na la pili waliliandika kwa makusudi, na kitu kile kisichosomeka na mtu kimeyaweka makosa mawili pamoja kikapata jibu ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelifikiria. Alitamani kuwe na mahali pa kusema asante. Alitafuta pembeni mwa ukurasa, hakukuwa na mtu.

Simu ikaita tena.

"Mwalimu!" Alikuwa Saru, akipiga kelele. "Nina mteja hapa ana povu mpaka kwenye nyusi! Bomba limesita, tena limesita kweli kweli, si kama juzi. Mtu amefumba macho anauliza kuna nini!"

Mghoi alipangusa machozi kwa kiganja. "Halafu?" aliuliza.

Kule upande wa pili pumzi ile ikapita, na nyuma ya Saru Mghoi akasikia maji yakianza kuteremka kwenye beseni.

"Halafu nimemwambia atulie," alisema Saru. "Nimemwambia kuna mama huko juu anajaza ndoo."